Padri John Kaiser na Maana ya Ushahidi: Kutoka Kanisa la Mwanzo hadi Bonde la Ufa

Utangulizi

Msafiri anayetoka Nairobi kwa barabara ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa akipita kando ya kanisa dogo lililojengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, waliokuwa wakiichonga barabara hiyo. Bondeni anakutana na Mai Mahiu, mji ambao jina lake katika Kigikuyu lina maana ya maji moto. Hapo njia hugawanyika. Moja huelekea Narok na kuendelea hadi Transmara. Nyingine huelekea Naivasha na Nakuru. Miaka sita ya mwisho ya maisha ya Padri John Anthony Kaiser ilipita katika njia hizo mbili. Ya Naivasha ndiyo iliyomfikisha Maela, kwenye kambi ya watu waliofukuzwa katika mashamba yao. Ya Narok ndiyo iliyomfikisha Lolgorien, parokia yake ya mwisho. Aidha, kando ya barabara itokayo Naivasha kwenda Nakuru, mahali paitwapo Morendat, ndipo maiti yake ilipopatikana alfajiri ya tarehe 24 Agosti 2000.

Makala haya yanafuatilia maisha ya kasisi huyo kwa kuongozwa na neno moja la Kiswahili: shahidi. Neno hili, ambalo asili yake ni Kiarabu, hubeba maana mbili kwa pamoja. Shahidi ni mtu anayesimama mbele ya baraza na kueleza alichokiona. Shahidi pia ni mtu aliyeuawa kwa sababu ya imani yake. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kilikuwa na neno moja kwa maana hizo mbili, kwani Wakristo wa mwanzo waliona kwamba anayesema kweli mbele ya wenye nguvu yumo katika njia moja na anayekufa kwa kuisema. Siku hizi waandishi wengi wa Kanisa hupendelea neno mfiadini. Neno hilo ni zuri na lina usahihi wake, lakini limeiacha nje ile maana ya kwanza, ya mtu aliyeona na kusema. Maisha ya Kaiser yanairudisha maana hiyo mahali pake, na kwa kufanya hivyo yanaibua swali zito: fundisho la ushahidi lina maana gani katika nchi ambamo mtawala na mtawaliwa husali katika kanisa moja?

Malezi na wito

John Kaiser alizaliwa mwezi wa Novemba 1932 katika wilaya ya Otter Tail, jimboni Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima Wakatoliki. Alikua akifanya kazi za shamba, akiwinda na kuvua samaki, na mazoea hayo hayakumtoka maishani. Katika miaka ya 1950 alitumikia jeshi la nchi yake kama askari wa miavuli. Baadaye alijiunga na shirika la wamisionari wa Mill Hill, lililoasisiwa Uingereza mwaka wa 1866, akasomea upadri London.

Alipewa daraja la upadri mwaka wa 1964 na kuwasili Kenya kabla ya mwaka huo kumalizika. Tarehe hiyo ina uzito wake. Mnamo Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda, vijana waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya mwaka wa 1885 na 1887. Kwa hivyo Kaiser aliingia Afrika Mashariki wakati ambapo mfano wa ushahidi uliotukuzwa zaidi ulikuwa wa aina ile ya kale: kijana mwamini mbele ya mfalme asiyeamini. Mashahidi wa Namugongo walifanana na wale wa Kartago na Smirna, ambako mshtakiwa aliambiwa aikane imani yake au afe. Muda si muda, padri huyo mgeni alikutana na hali ambayo mfano huo haukuitosha.

Miaka ya Gusii

Kwa takriban miaka 30 Kaiser alihudumu katika jimbo katoliki la Kisii, ambalo askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga, aliyekuja kuwa kardinali. Alijifunza Ekegusii akakizungumza na waumini wake bila mkalimani. Alisafiri kwa pikipiki katika vilima vya Gusii, akajenga makanisa na madarasa kwa mikono yake mwenyewe, akichanganya saruji na kupanda juu ya mapaa pamoja na mafundi. Mara kwa mara alitoka na bunduki yake kuwinda wanyama ili wenye njaa wapate kitoweo.

Hakuwa mtu wa tabia laini. Alikuwa mkaidi, mwepesi wa kugombana na wakubwa wake pale alipoona kwamba wanyonge wamesahauliwa. Aliwahi pia kuugua na kutibiwa maradhi ya akili yanayomtupa mtu kutoka furaha kuu hadi huzuni kuu, jambo ambalo baadaye lilikuja kutumiwa katika kueleza kifo chake. Mambo haya hayafai kufichwa. Tanzu ya wasifu wa watakatifu ina kasoro yake ya kale, nayo ni kumpaka mhusika rangi hadi sura yake ya kibinadamu ikapotea. Wakristo wa mwanzo wenyewe hawakuogopa kukumbuka kwamba Petro, mwamba wa Kanisa, alimkana bwana wake mara tatu usiku mmoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Transmara, Kaiser alishuhudia familia za Wakisii zikifukuzwa na nyumba zao kuchomwa. Huo ulikuwa mwanzo wa ushahidi wake kwa ile maana ya kwanza: aliona.

Maela

Mwezi wa Oktoba 1991, wakati madai ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi yalipopamba moto, mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi, kisha yakaenea katika sehemu nyingi za Mkoa wa Bonde la Ufa. Molo, Burnt Forest na Olenguruone ziligeuka kuwa majina ya misiba. Mwezi wa Oktoba 1993 ikawa zamu ya Enoosupukia, nyanda za juu za Narok zinazopakana na Naivasha. Maelfu ya wakulima, wengi wao Wagikuyu, walifukuzwa. Baadhi yao walikuwa na hatimiliki za mashamba yao. Sababu iliyotolewa ilikuwa haja ya kulinda chanzo cha maji. Waliofukuzwa waliteremka hadi Maela wakajenga vibanda vya miti na plastiki, na huko ndiko Kaiser alikopelekwa mwaka wa 1994, baada ya kuhamia jimbo katoliki la Ngong lililoongozwa na Askofu Colin Davies.

Kambini alikuta njaa, baridi, matope na vifo vya watoto. Kazi yake ikawa kutafuta chakula, kuwapeleka wagonjwa hospitalini, kuzika wafu, na kuandika yale aliyoyaona na kuyasikia. Katika kazi hiyo alikuwa akirudia fundisho la kale kuliko mashirika yote ya misaada. Katika karne ya 4, wakati wa njaa kule Kaisaria ya Kapadokia, Basili aliyekuja kuwa askofu wa mji huo aliwakemea matajiri hadharani kwa kufungia nafaka ghalani, akawalisha wenye njaa, na baadaye akajenga makao ya wagonjwa na maskini nje ya mji. Kwa Basili, chakula kinachozidi haja ya mwenye nacho kilikuwa mali ya mwenye njaa, na kukizuia kulikuwa wizi. Fundisho hili huhubiriwa mara nyingi kana kwamba ni wito wa kutoa sadaka tu. Maela ilidhihirisha ukali wake. Aliyelala kwenye matope pale hakuwa ombaomba. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa chake, na mfuko wa unga peke yake usingemrudishia haki yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba 1994, siku moja kabla ya Krismasi, maafisa wa serikali na askari waliingia kambini. Watu walipakiwa katika malori na kusafirishwa hadi Mkoa wa Kati, baadhi yao wakatupwa katika uwanja wa michezo wa Kirigiti, Kiambu. Vibanda vilivyobaki vilibomolewa. Kaiser alipinga, akazuiliwa na polisi na kuondolewa Maela kwa nguvu. Siku iliyofuata makanisa yote nchini, yale ya waliotoa amri na yale ya waliotupwa, yaliimba habari za familia iliyokosa nafasi katika nyumba ya wageni.

Mbele ya tume

Kutoka Maela, Kaiser alitumwa Lolgorien, parokia ya mbali katika Transmara. Pengine ilidhaniwa kwamba umbali ungemtuliza. Mnamo Julai 1998 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya uchunguzi wa mapigano ya kikabila iliyoongozwa na Jaji Akilano Akiwumi. Februari 1999 Kaiser alifika mbele yake na kutoa ushahidi. Wengi kabla yake walikuwa wamezungumzia wavamizi wasiojulikana na uhasama wa jadi baina ya makabila. Yeye aliwataja wakubwa serikalini, mawaziri na hata Rais mwenyewe, akidai kwamba walistahili kuwajibika kwa yaliyowapata watu wa Enoosupukia na Maela. Serikali ilikanusha madai ya aina hiyo. Ripoti ya tume ilikamilika mwaka huohuo wa 1999, ila umma haukuiona hadi mwaka wa 2002.

Hapa ndipo maana mbili za neno shahidi zilipokutana. Kaiser hakuulizwa na mtu yeyote kama anamwamini Kristo. Waliokuwa wakimsikiliza walikuwa Wakristo, na wale aliowataja walikuwa Wakristo, wengine wakiketi viti vya mbele kanisani kila Jumapili na kutoa michango mikubwa kwenye harambee za ujenzi wa makanisa. Mfano wa Namugongo haukumfaa tena. Uliomfaa ulikuwa mwingine, wa mwaka wa 390, pale Ambrosi, askofu wa Milano, alipomzuia Kaizari Theodosio kushiriki meza ya Bwana kwa sababu majeshi yake yalikuwa yameua maelfu ya watu mjini Thesalonike. Theodosio alikuwa mwamini. Ndiye aliyeifanya imani ya Kikristo kuwa dini rasmi ya dola. Kosa lake halikuwa la kumkana Mungu, lilikuwa la kumwaga damu ya watu. Ambrosi aliona kwamba hilo la pili lilikuwa kukana kwenyewe, na mtawala akafanya toba hadharani.

Tofauti ni kwamba Ambrosi alikuwa askofu wa mji mkuu wenye nguvu, na Kaiser alikuwa padri wa kijijini mwenye kibali cha kazi kilichokaribia kuisha. Novemba 1999 serikali ilitaka kumfukuza nchini kwa kisingizio cha kibali hicho. Alijificha kwa muda, huku maaskofu, watetezi wa haki za binadamu na ubalozi wa Marekani wakiingilia kati, hatimaye akaruhusiwa kubaki. Wapo wanaoona kwamba kujificha hakuendani na ushahidi. Historia ya Kanisa la mwanzo katika Afrika inawajibu. Sipriani, askofu wa Kartago, alijificha mwaka wa 250 wakati wa mateso ya Kaizari Decius ili aendelee kuliongoza kundi lake, akalaumiwa na wengi. Mateso yalipomjia tena chini ya Valerian, alisimama mbele ya liwali na kukatwa kichwa mwaka wa 258. Kanisa la kale halikumtaka mtu akitafute kifo. Masimulizi ya kuuawa kwa Polikarpo wa Smirna yanamkosoa wazi mtu aliyejipeleka mwenyewe kwa watesi kisha ujasiri ukamwishia. Shahidi wa kweli haendi kufa. Huenda kusema kweli, na kifo kikija humkuta papo hapo.

Mwezi wa Machi 2000 Chama cha Mawakili cha Kenya kilimtunuku Kaiser tuzo ya haki za binadamu. Katika kipindi hichohicho aliwasaidia wasichana wa parokia yake waliodai kudhulumiwa kimapenzi na mtu mwenye cheo cha juu serikalini. Mtu huyo alikana madai hayo, na kesi iliyofikishwa mahakamani iliondolewa baada ya padri kufariki. Mwenyewe alikwisha kuandika masimulizi ya aliyoyaona, yaliyochapishwa Nairobi mwaka wa 2003 kama kitabu, ambacho jina lake la Kiingereza lina maana ya Nikifa.

Morendat

Katika wiki ya mwisho ya maisha yake Kaiser alikuwa Nairobi na Ngong, baada ya kuitwa na balozi wa Papa. Usiku wa tarehe 23 Agosti 2000 aliondoka. Kulipopambazuka alikutwa Morendat, amelala kando ya barabara, kichwa kimepasuliwa kwa risasi, na bunduki yake ya kuwindia ikiwa karibu. Gari lake lilikuwa hapo. Maelfu walimlilia Nairobi na Kisii, akazikwa Lolgorien miongoni mwa waumini wake.

Wapelelezi wa shirika la FBI la Marekani walialikwa kusaidia uchunguzi. Ripoti yao ya mwaka wa 2001 iliegemea upande wa kujiua, ikitaja historia ya maradhi yake. Maaskofu wa Kenya waliikataa. Kwa Wakristo wa kawaida wa Maela na Lolgorien, ripoti hiyo ilikuwa zaidi ya kosa la kipelelezi, kwani ilimgeuza aliyesema kweli kuwa mtu asiyejua alisemalo. Mtu akihesabiwa mwendawazimu, aliyoyaona huhesabiwa kuwa njozi, na waliofukuzwa Enoosupukia wanakuwa hawakufukuzwa na mtu.

Serikali mpya iliyoingia madarakani mwishoni mwa mwaka wa 2002 iliagiza uchunguzi wa hadharani wa mahakama. Agosti 2007, baada ya kusikiliza mashahidi wengi, Hakimu Maureen Odero aliamua kwamba padri hakujiua, aliuawa. Waliomuua hawakutajwa, na uchunguzi zaidi ukapendekezwa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho.

Urithi katika bonde

Uamuzi huo ulitangulia kwa miezi michache tu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwishoni mwa Januari 2008 moto ulifika Naivasha. Safari hii waliowindwa walikuwa hasa watu wa makabila ya magharibi ya nchi, na miongoni mwa wawindaji walikuwa watu wa jamii ileile iliyolizwa Maela. Watu waliteketezwa wakiwa ndani ya nyumba. Katika kipindi hichohicho, waliofukuzwa Eldoret na kwingineko waliteremka hadi Mai Mahiu wakaanzisha makazi mapya kwenye vumbi la bonde. Hata kabla ya hapo, Januari 2005, wafugaji wa Kimaasai na wakulima wa Kigikuyu walikuwa wameuana karibu na mji huo wakigombea maji ya mto Ewaso Kedong. Dai lilelile la maji lililotumiwa kuwaondoa watu Enoosupukia lilikuwa limezaa mauti mengine bondeni.

Matukio hayo ni mtihani wa ushahidi wa Kaiser. Ikiwa alikuwa mtetezi wa kabila moja, basi Januari 2008 ilimkanusha. Maisha yake yanaonyesha vingine. Katika Transmara aliwatetea Wakisii. Maela aliwatetea Wagikuyu. Lolgorien aliwasimamia wasichana wa huko dhidi ya mkubwa mwenye asili ya huko. Aliyebadilika kila mara alikuwa mwenye kudhulumiwa. Kilichobaki vilevile kilikuwa swali lake: nani amenyang'anywa, na nani amenyamaza? Kwa kipimo hicho angesimama Naivasha mwaka wa 2008 upande wa waliokuwa wakichomwa.

Hitimisho

Kanisa halijamtangaza John Kaiser kuwa mtakatifu wala mfiadini, na huenda istilahi hiyo ya pili ikaendelea kuleta ubishi. Je, alikufa kwa ajili ya dini? Hakuna aliyemtaka aikane. Kwa kipimo cha Kartago ya mwaka wa 258, huenda asihesabiwe. Kwa kipimo cha Milano ya mwaka wa 390 anahesabiwa, kwa sababu katika jamii iliyokwisha kubatizwa imani hukanwa kwa matendo zaidi kuliko kwa midomo. Anayemfukuza jirani yake katika shamba lake huku akijiita Mkristo amekana, na anayeona na kunyamaza amekana pia. Kuyafikiria upya mafundisho ya Kanisa la mwanzo kwa ajili ya Afrika Mashariki ya leo kunaanzia hapo: katika kuacha kumtafuta mtesi nje ya kanisa pekee, na kuwa tayari kumkuta kwenye kiti cha mbele, au hata kwenye kiti chako mwenyewe.

Kiswahili kimelihifadhi neno linalofaa kazi hiyo. Wanafunzi na walimu wa lugha wanaochagua baina ya mfiadini na shahidi wanachagua zaidi ya istilahi. La kwanza linatazama jinsi mtu alivyokufa. La pili linaanza na alichokiona na alichokisema, na ndilo linaloweza kudaiwa kwa kila mtu aliye hai. Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga, walisema wahenga. Ila ukweli haudhihiri wenyewe mpaka apatikane wa kuutoa. Katika njia panda ya Mai Mahiu malori yanaendelea kupita, mengine yakielekea Narok na mengine Naivasha, na katika pande zote mbili wapo watu wanaokumbuka kwamba padri mmoja aliona, akaandika, akasimama mbele ya tume na kusema.